Mlango wa Chumba cha Tatu

Mimi ni Candiru, wa ndoo na koleo,
nakoroga zege upande wa jenereta.
Jina langu kwa Kilugbara ni mateso.
Shangazi yangu Draru ametajwa kwa kifo,
na mkunga wetu, Sista Onziru, ni ubaya,
ingawa mikono yake, jamani,
ingelishika yai la kware lisipate ufa.
Ndivyo mama zetu walivyotuita:
walitazama nyumba ilivyokuwa siku ile, wakasema kweli.

Jumanne alikuja saa ya maharage,
kiatu kimoja kimekatika ukanda,
mkononi kamba ya katani yenye mafundo mawili.
Hakuuliza mkandarasi yuko wapi.
Alipita kwenye vumbi la saruji,
chumba cha kwanza, cha pili,
akafika cha tatu, cha kujifungulia,
akanyoosha kamba mlangoni, fundo hadi fundo.
Kamba ikapinda.

"Hii ndiyo machela," akasema,
"na huu ndio mlango wenu. Niambieni,
mama anayetoka damu nimlaze ubavu gani apite?"

Fundi Anguyo akafunua ramani,
akaipiga pasi kwa kiganja juu ya mfuko wa saruji.
Imetiwa saini Kampala, akasema,
mihuri mitatu, tazama.
Ukuta umekauka. Matofali yamehesabiwa.
Serikali haijengi mara mbili.

Mimi nilikuwa na ndoo mkononi.
Niliiona wodi ya zamani:
kitanda kimoja mama wawili, miguu ya huyu kwa kichwa cha yule,
wa tatu sakafuni juu ya kitenge,
na machela yangu imekwama mlangoni,
mtu anavuta, mtu anasukuma,
mtu anasema ngoja, tuirudishe nyuma kidogo.

Hicho kidogo
nimekibeba miaka sita.

Sikusema neno. Ndoo niliitua,
nikachukua nyundo iliyoegemea dirisha.
Pigo la kwanza lilinirudia begani.
La pili lilitoa vumbi tu.
La tatu, tofali moja likageuza uso,
na Anguyo akapaza sauti: "We mama, utakatwa mshahara!"
Nikatwe.
Siku yangu ni shilingi elfu kumi na mbili,
na mlango kama huu nimeshaulipia zaidi.

Kisha Mastura, Mnubi wa jikoni, akaja na patasi,
mwiko wa maharage bado kwapani.
Kisha Ezati, kijana wa kwenye majukwaa,
asiye na mke wala mtoto,
akashuka akisema yeye alizaliwa juu ya bodaboda,
kabla ya daraja la Enyau,
na mwenye pikipiki alidai nauli ya watu wawili.
Tulicheka. Tulipiga tukicheka.

Anguyo akaitazama ramani. Akaitazama kamba.
Mkewe ana mimba ya miezi saba, sote twajua:
kila asubuhi fundi hupitia sokoni
kumnunulia udongo wa kutafuna.
Akatoa penseli nyuma ya sikio,
akachora mstari ukutani, umenyooka kama uzi.
"Msivuke hapa," akasema, sauti imeshuka.
"Mkivuka, linta itatuangukia.
Ngojeni kwanza niweke nguzo."

Jioni mlango ulikuwa shimo lenye meno.
Sista Onziru alikwisha kurudi kwenye zamu yake,
kamba ameiacha imefungwa kwenye msumari.
Paa bado. Maji bado.
Mashine za kuwapasha watoto joto, wanasema, ziko njiani,
na njia yenyewe twaijua.
Nilisimama pale katikati, peke yangu,
nikatanua viwiko kama kuku anayetaka kuruka.
Havikugusa ukuta.

Ijumaa, kwenye bahasha, elfu sita hazikuwemo.
Nilihesabu mara mbili.
Nusu siku. Nilidhani atakata nzima.